Helikopta ya tani 20 iliyokosa piesi: kwa nini mizigo mizito ya Yanonge bado inangoja mto

Kwenye bichi ya Yanonge, kilomita karibu 60 chini ya Kisangani, kila kitu kizito kinaingia kwa maji. Saruji, mabati, jenereta, mapipa ya mazuti na ya esansi: vyote vinashuka kutoka kwenye balenieri za mbao, vikibebwa mabegani mwa vijana. Kinachotoka ni makala, mihogo, ndizi, samaki na mbao. Barabara ya ukingo wa kushoto ipo. Lakini lori linalotoka katikati ya mji linapaswa kwanza kuvuka kwenda Lubunga kwa baki, kwa sababu hakuna daraja juu ya mto Kongo pale Kisangani. Baada ya Lubunga ni matope, na wakati wa mvua matope hayo yanaweza kumshika dereva siku nzima.

Gunia la saruji linapita. Transfoma ya umeme, tingatinga, au vipande vya daraja la chuma ni habari nyingine. Mzigo wa tani kumi haugawanyiki mabegani mwa watu.

Wakati huohuo, juu angani, njia haina matope. Mwishoni mwa Januari 2025 kiwanja cha ndege cha Goma kiliangukia mikononi mwa M23, na Februari kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, kikafuata. Tangu hapo Bangoka, kiwanja cha Kisangani, kimekuwa kati ya vituo vikuu vya jeshi la anga kwa upande huu wa inchi. Helikopta kubwa ya mizigo ikitoka Bangoka ingefika Yanonge kwa dakika zisizofika 20. Mtu anayengoja baki tangu asubuhi ana haki ya kuuliza kwa nini jeshi halileti mizigo mizito kwa njia ya juu.

Jibu lina historia ndefu, na ndani yake kuna jambo ambalo wakaaji wengi wa Tshopo hawajawahi kulisikia: Kongo ilikuwa na helikopta ya kazi hiyohiyo. Ilikuwa moja tu. Orodha ya majeshi ya anga iliyochapishwa na Jane's mwaka 2007 iliitaja kati ya mali ya jeshi letu: Mi-26, helikopta kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa wingi duniani. Orodha hiyohiyo iliongeza kwamba haikuwa imeruka kwa miaka kadhaa, kwa kukosa matengenezo.

Haikuangushwa vitani. Ililala chini.

Mashine yenyewe

Ili kuelewa namna gani chombo kama hicho kinalala, inafaa kujua kimeundwaje. Mi-26 ilichorwa Moscow, katika ofisi ya wahandisi iliyoanzishwa na Mikhail Mil, chini ya Marat Tishchenko aliyemrithi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 14 Desemba 1977, na kiwanda cha Rostov-on-Don, kusini mwa Urusi, kikaanza kuitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1980. Jeshi la Kisovieti lilitaka helikopta inayoweza kubeba mzigo karibu sawa na ndege ya C-130, ile ambayo wazee wa Kisangani wanaikumbuka tangu Novemba 1964, ilipowashusha askari wa Ubelgiji kwa miavuli juu ya Stanleyville. Tofauti ni kwamba C-130 inahitaji kiwanja. Mi-26 inahitaji uwanja wa mpira tu.

Hesabu zake ni za kutisha kidogo. Ikiwa tupu ina uzito wa tani 28. Inabeba tani 20, ndani ya tumbo au ikining'iniza mzigo kwa kamba ya chuma. Ikijazwa kabisa inafikia tani 56. Ndani wanaingia askari zaidi ya 80 na vifaa vyao. Ina mapanga manane juu, na duara lake lina upana wa mita 32. Maana yake kila panga moja ni refu kuliko kontena ya futi 40, ile tunayoiona juu ya malori makubwa. Fundi anayetaka kubadilisha panga lazima kwanza ajiulize litafikaje mpaka alipo.

Kazi iliyozifanya zijulikane ni za aina ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Mwaka 1986 zilitumwa Chernobyl baada ya kiwanda cha nyuklia kulipuka. Mwaka 2002, kule Afghanistan, Mi-26 ya kukodiwa ilienda kuchukua helikopta ya Chinook ya jeshi la Marekani iliyokuwa imeharibika milimani, ikainyanyua na kuirudisha Bagram ikiwa inaning'inia kama kifaranga katika kucha za mwewe. Na mwaka 2008, baada ya tetemeko la Sichuan nchini China, barabara zote zikiwa zimekatika, Mi-26 ilipeleka matingatinga na mashine za kuchimba hadi kwenye ziwa lililoziba bonde la Tangjiashan, ili maji yafunguliwe kabla hayajawafagia watu waliokaa chini. Mfano huu wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na Tshopo: hakuna barabara, mashine inahitajika upande ule, na muda ni mfupi.

Buati inayopita uzito wa gari

Injini zake ni mbili, aina ya D-136, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zaidi ya 11,000. Lakini mafundi wakiulizwa kuhusu moyo wa Mi-26, wengi hawataji injini. Wanataja giaboksi kuu, au buati kama wangesema katika garaji za Kisangani. Jina lake ni VR-26.

Kazi ya buati hiyo ni kupokea nguvu za injini mbili zinazozunguka kwa kasi kubwa mno, kuzipunguza kasi, na kuzipeleka juu kwenye mapanga manane yanayozunguka polepole huku yakibeba tani 56 hewani. Kila gramu ya mzigo, kila kilo ya mafuta, kila askari aliyekaa ndani ananing'inia juu ya meno ya chuma ya buati hiyo. Viwanda vya injini havikuitoa, na ofisi ya Mil ikaichora yenyewe. Uzito wake peke yake unapita tani tatu na nusu, kuliko Land Cruiser yenye abiria na mizigo yao.

Gari likivunjika buati Yanonge, linabaki palepale mpaka mwenyewe apate pesa. Helikopta haingoji ivunjike. Kila kitu muhimu ndani yake kina umri ulioandikwa: saa kadhaa za kuruka, au miaka kadhaa, lolote litakalotangulia. Umri ukifika, kitu kinatolewa hata kama kinaonekana kizima, kinapelekwa kiwandani kufunguliwa na kupimwa, au kinatupwa. Kila piesi kubwa ina kitabu chake, mafundi wa Kirusi wanakiita pasporti, ambamo wanaandika ilitengenezwa lini, imeruka saa ngapi, iliwahi kufungwa kwenye helikopta gani, nani aliigusa. Panga lisilo na pasporti, hata liking'aa, haliwezi kupanda juu. Rubani mwenye akili hatakubali kuruka nalo.

Hapo ndipo kitu kinachoitwa miaka kinapoleta shida katika inchi ya joto na unyevu. Helikopta inaweza kukaa chini bila kuruka hata saa moja, lakini kalenda haisimami. Mpira wa mabomba ya mafuta unakauka na kupasuka. Maji yanaingia kwenye viungo vya chuma. Nyaya zinaota ukungu wa kijani. Mashine iliyosimama miaka mitano chini ya mvua ya Kongo inaweza kuwa mbaya kuliko iliyoruka miaka mitano mfululizo, na piesi zake nyingi zinakuwa zimepitisha umri zikiwa hazijafanya kazi yoyote. Kuiamsha kunagharimu karibu kama kununua nyingine.

Halafu kuna jambo la kuwa na moja tu. Jeshi lenye helikopta kumi za aina moja linaweza kuua mbili ili kuponya nane: linatoa piesi kwenye mbovu na kuzifunga kwenye nzima. Si jambo la kujivunia, ila linafanyika duniani kote. Mwenye moja hana pa kutoa. Piesi moja ikikosa, jeshi zima la helikopta za aina hiyo linakuwa limelala, kwa sababu jeshi zima ni hiyo moja.

Hata India, ambayo ina pesa na ina viwanda, ilionja uchungu huo. Ilinunua Mi-26 katika miaka ya 1980. Hazikufika hata tano kwa jumla, na moja ilianguka mwaka 2010. Zilizobaki zilirundikana chini moja baada ya nyingine katika kituo cha Chandigarh, zikingoja matengenezo makubwa, mpaka mwaka 2019 India ikaleta Chinook za Marekani kwenye kituo hichohicho. Ni jeshi lilelile la anga ambalo marubani wake waliruka na Mi-17 na Mi-35 za MONUC juu ya Goma na Bukavu kwa miaka mingi. Kujua kuruka na Mi hakukuwa tatizo lao.

Rostov na Zaporizhzhia

Kuna sababu nyingine, na hii haikutoka Kongo wala India. Helikopta inafungwa Rostov, Urusi. Injini zake zilitoka kiwanda cha Motor Sich, mji wa Zaporizhzhia, Ukraine. Wakati wa Kisovieti hapakuwa na neno: ilikuwa nchi moja, na kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita karibu 350 kwa mstari wa ndege, pungufu kidogo kuliko kutoka Kisangani mpaka Kindu. Treni ilileta injini, watu wakafunga.

Mwaka 2014 Urusi ilichukua Krimea, na Ukraine ikakata ushirikiano wa kijeshi. Februari 2022 vita kamili vikaanza. Leo kati ya kiwanda cha helikopta na kiwanda cha injini unapita mstari wa mbele wa vita. Motor Sich yenyewe ilipigwa kwa makombora, na Novemba 2022 serikali ya Ukraine ikaitwaa. Warusi wanashughulika na injini yao mpya, PD-8V, ya kuchukua nafasi ya D-136, lakini injini ya helikopta haizaliwi kwa mwaka mmoja.

Kwa mnunuzi wa Afrika, matokeo ni haya. Akitaka injini, anayeijua zaidi yuko upande mmoja wa mahandaki. Akitaka buati au mapanga, anayeyatengeneza yuko upande wa pili. Na akitaka kumlipa huyo wa pili, pesa ndiyo inagoma: Machi 2022 Marekani iliweka kampuni ya Russian Helicopters, inayomiliki kiwanda cha Rostov, kwenye orodha ya vikwazo. Benki ya Kinshasa inayotuma dola kwa kawaida inapitia benki nyingine za nje, na benki hizo zinaogopa orodha hiyo kuliko zinavyoogopa kumpoteza mteja wa Kongo.

Kwa Kongo kulikuwa pia na karatasi za aina nyingine. Kuanzia 2003, azimio 1493 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilifunga mlango wa silaha kwa makundi ya mashariki. Baadaye serikali iliruhusiwa kununua, lakini nchi iliyouza ilipaswa kuijulisha kamati ya vikwazo kabla ya kuleta. Piesi za helikopta ya jeshi nazo zinahesabiwa kuwa mali ya kijeshi. Sharti hilo la kujulisha liliondolewa Desemba 2022, kwa azimio 2667, na Kinshasa ilishangilia. Kwa bahati mbaya mlango huo ulifunguliwa mwaka uleule ambao ule wa Rostov ulikuwa unafungwa.

Helikopta za wengine

Kwa hiyo mashariki mwa Kongo imezoea kunyanyuliwa na helikopta za watu wengine, na wakaaji wa Tshopo ni mashahidi. Wakati wa MONUC, Umoja wa Mataifa ulikodi Mi-26 za makampuni ya kiraia, pamoja na Mi-8 nyingi ndogo, na Kisangani ilikuwa kati ya ghala zake kubwa. Uchaguzi wa 2006, wenye vituo vya kupigia kura karibu 50,000 katika inchi isiyo na barabara, usingewezekana bila helikopta na ndege hizo. Mkataba wa kukodi una uzuri wake: piesi ni shida ya mwenye helikopta. Una ubaya wake pia. Siku mwenye nayo akiondoka, anaondoka na piesi, mafundi, vitabu na kila alichojifunza mtu.

Jambo hilo lilionekana mwaka 2022. Machi ya mwaka huo, vita vikiwa vimeanza kwao, Ukraine iliwaita nyumbani askari wake wote waliokuwa katika misheni za Umoja wa Mataifa. Kwa MONUSCO hiyo ilikuwa na maana ya watu karibu 250 na helikopta nane, ambazo zilikuwa zikifanya kazi mashariki. Hapo M23 walikuwa wameamka tena Rutshuru. Kiwanda kilichopigwa Zaporizhzhia na helikopta iliyokosekana Goma vilikuwa shauri moja.

Waafrika Kusini waliobaki nao hawakuwa salama na tatizo la piesi. Helikopta zao za Oryx, zilizotokana na Puma ya Ufaransa, na zile za kivita za Rooivalk, zilizopiga M23 kule Chanzu mwaka 2013, zinategemea kampuni ya Denel ya nchini mwao. Denel ilipoingia katika madeni makubwa, mafundi walikosa piesi, na idadi ya helikopta zinazoweza kuruka ikashuka. Umoja wa Mataifa hauna huruma katika jambo hilo: nchi inayoleta vifaa inalipwa kwa kifaa kinachofanya kazi. Helikopta iliyoegeshwa hailipiwi.

Serikali ya Kongo ilijaribu njia yake. Ilifanya mkataba na kampuni ya Agemira, iliyoleta Goma mafundi wengi wa Ulaya Mashariki kurudisha angani ndege za Su-25 na helikopta za FARDC. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameieleza kazi hiyo katika ripoti zao. Na matokeo yalionekana: Januari 2023, Su-25 iliyofyatuliwa kombora na Rwanda juu ya Goma ilitua ikiwa imeungua ubavu, na haikuachwa kufa. Kwa lugha ya garaji, hayo ni maendeleo makubwa. Lakini fundi wa kukodiwa naye ana mlango wa kutokea, na karakana iliyo ndani ya kiwanja cha ndege inaenda na kiwanja chenyewe. Januari 2025 kiwanja cha Goma kilienda.

Kisangani ilikuwa imeshaliona hilo zamani. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, Mobutu alileta mjini askari wa kukodiwa, wengi wao Waserbia, pamoja na helikopta za kivita za Mi-24 zenye marubani wa nje. Mji mzima ulizisikia. Tarehe 15 Machi 1997 wapiganaji wa AFDL waliingia Kisangani, na wale wageni hawakungoja kuwaonyesha Wakongo namna ya kubadilisha chujio la mafuta.

Hesabu ya safari moja

Tuseme kila kitu kimepatikana: Mi-26 nzima iko Bangoka, pasporti za piesi zimejaa mihuri, marubani na mafundi wamelala vizuri. Yanonge inahitaji transfoma ya tani nane. Safari inagharimu nini?

Helikopta hiyo inakula karibu tani tatu za mafuta kwa saa. Kwenda na kurudi, ukiongeza muda wa kuwasha injini na kushusha mzigo, ni tani mbili hivi. Hizo ni lita 2,500, mapipa kumi na mawili na nusu ya lita 200, ya mafuta ya ndege. Na mafuta hayo nayo lazima yafike Kisangani kwanza, ama kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, ama kwa malori kupitia Ituri. Mtu anaweza kucheka: ili kukwepa mto, unahitaji mafuta yaliyopita mtoni.

Halafu inatua wapi? Upepo unaosukumwa chini na tani 56 hauchagui. Nyumba za majani zilizo karibu zinaondoka, mabati yasiyopigiliwa vizuri yanakuwa visu. Uwanja wa mpira unatosha kwa ukubwa, mradi nyumba, miti na watoto viwe mbali. Atakuwepo mtu wa kuwazuia watoto? Yeyote aliyewahi kuona helikopta ikitua katika eneo la Isangi anajua jibu.

Hata hivyo hesabu hiyo si ya kutupa. Daraja moja likikatika kwenye njia ya Opala, na bidhaa zikakaa wiki sita bila kupita, hasara ya wakulima inapita bei ya mapipa kumi na mawili. China mwaka 2008 haikuuliza bei ya mafuta. Wanaoendesha Mi-26 hawaitumii kama lori la kila siku. Wanaiweka kwa siku ile ambayo hakuna lori litakalopita. Ubaya ni kwamba, ili iwe tayari siku hiyo, lazima ilipiwe siku zote nyingine: piesi, mafundi, mafunzo, saa za kuruka bila mzigo ili rubani asisahau. Bajeti inayotafuta kununua chombo ni rahisi kuitetea bungeni, kuna picha na kuna utepe wa kukata. Bajeti ya mpira wa bomba na mafuta ya buati haina picha.

Hapo ndipo Mi-26 ya Kongo ilipopotelea, kadiri inavyoonekana katika ile orodha ya 2007. Helikopta hainunuliwi mara moja tu. Inanunuliwa tena kila mwaka, kwa vipande, na aliyeinunua mara ya kwanza akisahau mara ya pili, anabaki na chuma cha tani 28 kwenye majani.

Hewa za Tshopo leo zina mlio mwingine. Vita vya mashariki vimeleta ndege zisizo na rubani, ndogo, zinazotumia piesi za bei nafuu na zinazotoka viwanda vingi. Haziwezi kuleta transfoma popote. Umoja wa Mataifa nao umekuwa ukipunguza kazi zake: ulifunga kituo chake Kivu Kusini mwaka 2024, na kila kituo kinachofungwa kinaondoka na ghala na helikopta zake.

Yanonge, wakati huo, ina mafundi wake. Wanafanya kazi ukingoni, juu ya injini za Yamaha na mashine za mazuti za Kichina zinazosukuma balenieri. Nao wana utaratibu wa kuua moja ili kuponya nyingine: nyuma ya karakana za miti utaona injini mbili tatu zilizofunguliwa, kila moja ikiwa imetoa kitu kwa dada yake. Injini ikikosa piesi ambayo hata mizoga hiyo haina, mwenye balenieri anaifunga kwenye mti, anapanda mtumbwi wa mwingine mpaka Kisangani, anazunguka maduka ya soko kuu akiwa ameshika ile piesi iliyovunjika mkononi ili wasimuuzie isiyo yake. Siku ya pili au ya tatu anarudi nayo.